Mwenye Shamba na Mwenye Mti

Nianze kwa kujisifu, maana mwenye kunisifia hayupo hapa: mimi ndiye mtu wa kwanza Masasi kugombana na kompyuta kwa sababu ya mkorosho. Wengine waligombana nayo kwa sababu ya umeme, au kwa sababu ya mjusi aliyeingia kwenye printa. Mimi niligombana nayo kwa sababu ya mti, wiki mbili mfululizo, nikacheka hadi mbavu zikauma, nikalia mara moja, na mwishowe ikaonekana kompyuta ndiyo iliyokuwa na haki. Mpaka leo jambo hilo linaniudhi kidogo.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria. Ushirika haukuwa tena mnunuzi pekee wa korosho. Wanunuzi binafsi walipanda na magari yao hadi Newala na Tandahimba, wakashindana kupiga honi. Sokoni Masasi mitumba ilimwagwa chini kama mihogo. Lakini salfa, ule unga wa njano unaopuliziwa mikorosho ili maua yasiliwe na ugonjwa wa ubwiri unga, nayo ilikuwa imeachwa huria: kila mtu ajitafutie. Sasa mkulima mwenye miti thelathini atanunua mashine ya kupulizia kwa kitu gani? Ndipo ukaanzishwa mradi mdogo pale Masasi, wa mashine sita za kutumia kwa zamu, hadi vijiji vya Newala. Mimi niliajiriwa kupanga hiyo zamu: mashine ipi, siku ipi, miti ya nani.

Kazi hiyo mtu mwenye akili timamu angeifanya kwa penseli. Mkuu wangu alikuwa akiifanya kwa penseli. Alikuwa bwana shamba mstaafu, na wilaya nzima ilimwita Bwana Shamba hata baada ya kustaafu, kana kwamba ndilo jina alilopewa na mamake. Lakini mradi uliletewa kompyuta kuukuu kutoka Ulaya, na mimi nilikuwa nimerudi kutoka chuoni Dar es Salaam nikiwa na disketi mbili kwenye mkoba na kiburi cha kujaza gunia.

Kwenye disketi hizo kulikuwa na lugha ya kuandikia programu ambayo mwalimu mmoja mgeni alitufundisha kwa muhula mmoja. Tulianza watu kumi na wawili, tukamaliza watatu. Lugha nyingine unaiamuru kompyuta: fanya hiki, kisha kile, kisha rudi pale. Hii haiamriwi. Unaieleza kitu ni nini na kinatokana na nini, basi. Ukishasema kitu ni mti, kitabaki mti mpaka kiyama. Kazi zote hufanywa na fanksheni, na fanksheni ni kama kinu: unatia mahindi, unatoa unga. Na kabla programu haijatembea hata hatua moja, kuna mkaguzi ndani yake, kompaila, anayepitia kila mstari kuhakikisha hakuna anayetwanga maji. Akiona maji anakataa. Hafoki, hatukani. Anakuonyesha mstari na kunyamaza.

Niliipenda lugha ile kwa sababu mimi nina hasira za karibu, na mtu wa hasira za karibu hutaka aambiwe kosa lake papo hapo, asije akaambiwa mwezi ujao mbele za watu.

Basi nikaketi. Umeme wetu ulitoka kwenye jenereta ya majirani wa misheni, tangu saa tatu asubuhi hadi saa saba, kwa hiyo nilikuwa na saa nne za kuwa fundi na saa zilizobaki za kungoja. Nikaunda aina tatu: Mtu, Shamba, Mti. Nikaandika fanksheni niliyoiita mwenye: unaitia Shamba, inakutolea Mtu. Nikachukua orodha ya mikorosho, ambayo kila mmoja ulikuwa umepigwa namba ya rangi kwenye shina, nikaitia kwenye fanksheni yangu, nikabonyeza, nikakaa kitako nikingoja kushangiliwa.

Kompaila akaniambia kwa Kiingereza chake kikavu: hapa panatakiwa Shamba, nimepewa Mti.

Nikabadilisha mabano. Hapa panatakiwa Shamba, nimepewa Mti. Nikahamisha mstari juu. Hapa panatakiwa Shamba. Nikauandika upya wote, polepole, kama mtu anayemwandikia mkwe barua. Nimepewa Mti. Kufikia chai ya saa nne nilikuwa nimekataliwa mara thelathini na moja, na nilikuwa nikicheka peke yangu. Yeyote aliyewahi kukataliwa mara thelathini na moja na mchumba huyo huyo anajua kile kicheko.

Siku ya tatu nikapata ujanja. Kama anataka Shamba, nitampa Shamba! Nikaandika fanksheni ndogo, mstari mmoja tu: unaitia Mti, inakutolea Shamba mti ulimosimama. Nikaziunganisha. Mti unaingia, unakuwa Shamba, Shamba linakuwa Mtu. Nikabonyeza. Kimya. Hakuna kosa. Mkaguzi ameridhika!

Niliruka. Nilicheza mle ofisini peke yangu, nikazunguka meza, nikaibusu kompyuta juu kwenye vumbi lake. Njia ya mwongo ni fupi, lakini siku ya kwanza haionekani fupi hata kidogo. Inaonekana barabara ya lami.

Nikawasha printa, ile ya karatasi ndefu zenye matundu pembeni, ikaanza kulia kama cherehani. Mkorosho namba moja, mashine ya kwanza, Jumatatu. Mkorosho namba moja, mashine ya kwanza, Jumatatu. Mkorosho namba moja. Karatasi ikashuka mezani, ikavuka sakafu, ikaelekea mlangoni, na bado ni mkorosho namba moja. Fanksheni yangu ilitakiwa kushughulikia mti wa kwanza kisha ijiite yenyewe kwa ile miti iliyobaki. Mimi nilikuwa nimeirudishia orodha nzima, na yenyewe, kwa utii wote, ikawa inaanza upya milele. Mkaguzi hakuwa na neno, maana orodha nzima ni orodha na orodha iliyobaki ni orodha. Aina ni ile ile. Bwana Shamba akatokea mlangoni, akaokota ncha ya karatasi, akasoma kwa utulivu mstari mmoja, wa pili, wa kumi.

“Binti,” akasema, “huu mti mmoja utamaliza salfa yote ya wilaya.”

Nilicheka mpaka nikaketi sakafuni juu ya karatasi. Yeye naye alicheka, kwa namna yake, mabega tu. Kosa lenyewe lilikuwa neno moja. Nikalirekebisha, na kesho yake orodha ikatoka sawasawa: miti yote ya Mkunya, kijiji cha kwanza kwenye zamu, siku zote, mashine zote sita, na majina ya wenyewe. Nikampelekea kwa mikono miwili kama anayepeleka chakula.

Akaisoma yote. Mimi nimesimama, najizuia kutabasamu. Kisha akavua miwani.

“Hawa ni wenye mashamba. Wenye miti wako wapi?”

“Si ndio hao hao, mzee?”

Akaigonga orodha kwa miwani. “Kwani wewe si mtoto wa huku?”

Ni mtoto wa huku, tena wa huko huko Mkunya. Na kwetu hata mtoto wa darasa la pili anajua kwamba ardhi ni ya ukoo, lakini mkorosho ni wa mkono ulioupanda. Shamba moja linaweza kuwa na miti ya watu watano: wa kaka, wa shangazi, wa mgeni aliyeomba mahali akapewa. Mke naye akipanda kwenye shamba la ukoo wa mumewe, miti ni yake. Akiachwa, yeye huondoka, miti haiondoki, na bado ni yake. Hiyo ndiyo sheria yetu, na mimi niliyezaliwa ndani yake nilikuwa nimeisahau kwa miaka minne ya chuo.

Mama yangu alikuwa na mikorosho kumi na tisa kwenye shamba la Baba.

Waliachana nikiwa darasa la tano. Mama alirudi kwa kaka zake Newala mjini, na misimu ya kwanza alikuwa akienda Mkunya kuokota korosho zake, mimi nikiwa nyuma na kikapu. Kisha nyumba ya Baba ikapata mke mwingine, maneno yakawa mengi, nyumba ile ikaanza kuziokota yenyewe, na Mama akaacha kwenda. Ilikuwa miaka tisa sasa. Hakulalamika mbele yangu hata siku moja, na mimi nikauchukua ukimya wake kuwa ni kuridhika. Sasa orodha yangu ingebandikwa ukutani kule, na kwa kawaida ya watu wetu aliyepuliziwa ndiye anayeokota. Hakuna ambaye angeweza kubisha tena. Nilikuwa nimemfuta mama yangu kwa mstari mmoja wa programu, halafu nikacheza.

Nilitoka nje, nikalia nyuma ya jenereta ambako hakuna anayesikia, nikapangusa uso, nikarudi.

Ndipo nilipomwelewa mkaguzi wangu. Alikuwa ameniambia tangu asubuhi ya kwanza: umenipa mti, na fanksheni yako inajua mashamba tu. Mwenye mti ni nani? Mara thelathini na moja aliniuliza. Mimi nikamziba mdomo kwa kumgeuzia mti kuwa shamba.

Nikabomoa. Nikaandika kwamba Mti una mwenyewe, kando kabisa na mwenye shamba. Mara programu nzima ikavunjika: makosa arobaini na matatu! Na hapa sitadanganya, nilifurahi kupita kiasi. Katika lugha ile, ukibadilisha maana ya kitu kimoja, mkaguzi anakushika mkono na kukupitisha kila chumba ambamo kitu hicho kilitajwa. Hapa umesema shamba, ulikusudia mti. Na hapa. Na huku uvunguni pia. Nilikuwa nikiimba. Makosa arobaini, thelathini na sita, yakapanda ghafla hadi hamsini kwa sababu ya koma moja, nikapiga kelele ya furaha kama aliyefungwa goli na timu anayoipenda kwa siri, yakashuka tena. Kumi. Manne. Moja. Jenereta ikazimwa nikiwa kwenye moja! Nilitukana kwa Kimakonde, nikaombea kesho ifike.

Kesho ilifika na lile moja lililobaki halikuwa kosa, lilikuwa onyo. Kwenye fomu zetu za kuhesabia miti, miti mingine haikuwa na mwenyewe aliyeandikwa, kwa hiyo nilikuwa nimeunda aina yenye hali mbili: mwenye mti ama Anajulikana, na jina lake linafuata, ama Hajulikani. Nikaeleza la kufanya akijulikana. Mkaguzi akauliza: na asipojulikana?

Nikatazama ni miti ipi. Ilikuwa michache, huku na huku, na katika shamba la Baba ilikuwa kumi na tisa.

Kulikuwa na njia mbili nyepesi. Ya kwanza, nimwambie: asipojulikana, mpe mwenye shamba. Hiyo ilikuwa ni ule ule uongo, umevaa kanzu. Ya pili, niandike jina la Mama. Nilikuwa na vidole juu ya kibodi. Herufi chache tu, nani angejua? Nikamwita Bwana Shamba, nadhani ili anikataze.

“Ni ya mama yangu,” nikamwambia. “Niiandike?”

“Mti hauandikishwi na mtoto,” akasema. “Husemewa na aliyekuwepo ulipopandwa. Wewe ulikuwepo?”

“Sikuwepo, mzee.”

“Basi mashine yako imeuliza swali zuri. Wasiojulikana wasomwe mkutanoni.”

Hivyo ndivyo nilivyomjibu mkaguzi: asipojulikana, toa namba ya mti kwenye karatasi ya pekee, isomwe mbele ya watu. Nikabonyeza. Hakuna kosa, hakuna onyo. Safari hii sikucheza.

Siku iliyofuata nikapanda gari hadi Newala. Mama alikuwa stendi na beseni lake la ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vyembamba vya mwituni, akijipepea kwa kipande cha boksi ingawa asubuhi ilikuwa ya baridi na ukungu ulikuwa haujaachia paa.

“Shikamoo, Mama.”

“Marahaba, mwanangu. Umekonda. Hiyo kompyuta inakula nawe?”

Nikamweleza kila kitu, kuanzia Shamba na Mti hadi onyo la mwisho. Alielewa haraka kuliko nilivyoelewa mimi. “Ina adabu hiyo mashine,” akasema. Nikamwambia Jumamosi aje Mkunya, aiseme miti yake.

“Mwenye mti hajisemei, mwanangu. Husemewa.”

“Nani alikuwepo ulipopanda?”

Akageuza ming'oko iliyokwisha kugeuzwa. “Alikuwepo mtu mmoja tu. Na huyo simwombi kitu.”

Sikujua kama angekuja. Jumamosi tulikusanyika kwenye ghala tupu la ushirika, watu wamejaa hadi mlangoni, wengine wamekalia magunia waliyokuja nayo. Mikorosho ilikuwa imeanza kuchanua, mashine zilikuwa zinapandishwa Mkunya Jumatatu. Asiyekuwa kwenye orodha leo hakuwa na msimu. Nikamwona Mama ukutani kati ya wanawake, kitenge kipya. Nikamwona Baba karibu na mlango, baraghashia yake magotini. Kati yao kulikuwa na ghala zima.

Bwana Shamba akasoma kwanza wanaojulikana, kisha akachukua karatasi ya pekee. Lo, kumbe hicho ndicho watu walichokuwa wakikingoja. Kila namba iliposomwa watu watatu walisimama. Bibi mmoja alisemewa miti na mwanamume ambaye alikuwa mgomvi wake, kisha wakaanza kugombana upya kuhusu nani aliileta mbegu. Mzee mwingine alimsemea shemeji yake miti miwili, halafu akakumbuka kwamba ni mitatu, watu wakamshangilia. Mimi nilikuwa naandika, nikicheka, nikifuta, nikiandika. Sijawahi kuona kosa la programu likisahihishwa na watu mia kwa mpigo.

Kisha likaja shamba la Baba. Bwana Shamba akasoma namba kumi na tisa, moja moja, bila haraka.

Hakuna aliyesimama.

“Asiyekuwepo na lake halipo,” mtu akasema kutoka nyuma. “Tuendelee.”

“Nipo,” Mama akasema. Alikuwa amesimama. Hakuongeza neno, na kwa desturi hakuwa na neno la kuongeza. Nilimtazama Bwana Shamba, naye akatazama karatasi. Nilitaka kupiga kelele na nilijua kwamba kelele yangu haikuwa na kazi, maana mimi sikuwepo.

Baba akainuka taratibu, akavaa baraghashia yake kama anayetaka kuondoka. Nilidhani anaondoka.

“Mashimo nilichimba mimi,” akasema, akitazama sakafu. “Mbegu alitia yeye. Mwaka ule mvua ilikawia, maji akayabeba yeye kutoka bondeni, kupanda na kushuka, mimba ya huyu ikiwa tumboni.” Akaninyooshea kidole. Watu wote wakageuka kunitazama, na mimi nikiwa na kalamu mkononi nikajikuta nimesimama kama mshitakiwa.

“Kwa hiyo miti ni ya nani?” Bwana Shamba akauliza. Ilikuwa lazima itamkwe.

“Si nimesema? Ya kwake. Yote. Mwambie huyo aandike.”

Nikaandika. Kumi na tisa, mmoja mmoja, jina la Mama mara kumi na tisa, na machozi na kicheko vikanijia pamoja hata bibi aliyekaa kando yangu akaninong'oneza, “Pumua, mwanangu.” Bwana Shamba akageuza karatasi aendelee na shamba la jirani. Lakini Mama alikuwa bado hajaketi. Tangu arudi Newala, kama ilimlazimu kumtaja Baba, alisema “mwenyeji wa Mkunya,” basi. Sasa alimtazama juu ya vichwa vya watu wote wale, akapiga goti kidogo.

“Ahsante, Baba...” akasema, na akamalizia na jina langu, kama alivyokuwa akimwita zamani.